Dakika mbili za kipaza sauti
Mwandishi wa makala hii anasema watu wa mashinani "walisikika" kwenye Mkutano wa Tabianchi wa Afrika pale Nairobi, Septemba 2023. Jamani. Mimi nilikuwepo, nimetoka Kwale na basi la usiku, matope ya mikoko bado kwenye kucha. Kikao cha pembeni cha shirika moja (silitaji) nilipewa dakika mbili, tena kwa Kiingereza, nikaungaunga maneno mbele ya watu ambao nusu yao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwao!

Azimio la Nairobi, tamko la mwisho la mkutano huo, lilidai ushuru wa kaboni (kodi kwa wanaochafua hewa) wa dunia nzima, hilo naliunga mkono. Ila biashara ya hewa ukaa (miti inafyonza kaboni, wachafuzi wanalipia kiasi hicho) iliyopigiwa debe siku zile tatu si ngeni kwetu. Gazi, kijiji cha huko kwetu Kwale, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, Mikoko Pamoja, umekuwa ukiifanya kwa miaka, na pesa zake zimepeleka maji kijijini na vitabu shuleni. Kina mama wanaojua mche wa mkoko utashika wapi na wapi utasombwa na bamvua, mbona hamkuwahoji hata mmoja kwenye makala hii?

Chai lakini ilikuwa nzuri, nisiwe mwongo.