Kisiwa cha jikoni hakivuki bahari

Wengi wetu tunaojenga nyumbani huku tunaishi Uingereza humtumia fundi picha ileile: kabati nyeupe zisizo na vishikio, kaunta ya mawe meupe, kisiwa (kaunta inayosimama peke yake katikati ya jiko) chenye taa tatu zinazoning'inia, na jiko limeachwa wazi mpaka sebuleni. Fundi habishi. Anasema "inawezekana bosi", anataja bei, kazi inaanza. Miaka miwili baadaye kabati za chini zimevimba kama maandazi, harufu ya dagaa imehamia kwenye makochi, na anayepika kweli yuko uani na jiko la mkaa. Lile jiko la picha limegeuka stoo ya vyombo vya wageni.

Mimi nasema tuchukue vipimo vya huku, sura tuwaachie wenyewe.

Tuanze na kisiwa, kwa sababu hicho hesabu zake ni fupi. Kaunta ya ukutani ina kina cha sentimita 60. Kisiwa cha maana kina upana wa 90. Njia ya kupita kati yake, droo ikiwa wazi na mtu amebeba sufuria la moto, inataka kama 105; Wamarekani huweka inchi 42 kwa mpishi mmoja na 48 wakiwa wawili. Jumlisha 60, 105, 90 na 105 ya upande wa pili: mita 3.6, na huo ukuta wa pili hauna hata kabati moja. Jiko lenye upana wa mita 3 halina nafasi hiyo, hata fundi abane vipi. Na jiko la kisasa lenye kabati za kupangwa halikuanza na ukumbi. Lile la Frankfurt la mwaka 1926, lililobuniwa na Margarete Schütte-Lihotzky, lilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4 hivi. Jembamba, kaunta pande mbili, kila kitu ukigeuka unakifikia. Jiko lako la Tabata au Bamburi huenda ni kubwa kuliko hilo.

Kuliacha jiko wazi mpaka sebuleni ni suala la moshi. England kanuni za ujenzi zinataka feni inayovuta lita 30 za hewa kwa sekunde ikiwa juu ya jiko, lita 60 ikiwa pengine, na chakula chenyewe mara nyingi kiko ndani ya oveni. Sisi tunakaanga vitunguu vya pilau mpaka viwe kahawia na samaki mpaka mkia ukatike. Ukitaka uwazi, nunua feni inayotoa hewa nje kwa bomba, si ile yenye chujio la mkaa inayorudisha hewa humohumo. Bomba liwe inchi 6. Mafundi hupenda kuweka inchi 4 kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye kazi ya maji taka, lakini eneo lake halifiki nusu ya la inchi 6, feni inalia na moshi unabaki. Iwe sentimita 75 juu ya jiko la gesi, 65 juu ya la umeme. Wazee wa Lamu walilimaliza jambo hili zamani: kwenye nyumba za mawe meko yalipandishwa juu kabisa, moshi ukatokea paani bila kupita chumba cha mtu.

Sasa kabati zenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Huku huja bapa ndani ya maboksi, za chipbodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa) ya milimita 16 au 18 iliyobandikwa melamini, ngozi ngumu ya plastiki. Zinadumu, lakini si kwa uimara wake. Sakafu ya huku hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu, na hita hukausha nyumba nusu ya mwaka. Nyumbani tunapiga deki. Ndoo inamwagwa, maji yanasukumwa mpaka mlangoni, na kila siku yanalamba ubao wa chini. Chipbodi ikishakunywa maji kwenye kingo hairudi tena. Inafura, melamini inabanduka, skrubu za bawaba zinakosa pa kushika, mlango unainama na kuanza kukwangua wa jirani yake. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni vivyo hivyo, ila yenyewe hufa kwa heshima kidogo kwa sababu rangi huficha.

Kwa hiyo kabati za chini zijengwe kwa tofali na zege, kama mafundi wetu walivyofanya siku zote kabla hatujaanza kuwatumia picha. Mchwa hawali zege. Kosa si njia hiyo, kosa ni vipimo.

Kimo kwanza. Kaunta iliyokamilika iwe sentimita 90 kutoka kwenye sakafu iliyokamilika. Fundi akipima 90 kutoka kwenye zege tupu, halafu sakafu ikaja kupanda sentimita 4 kwa niru na marumaru, utabaki na 86 na mgongo unaouma. Ondoa pia unene wa vitu vya juu: graniti 2, udongo wa kulalia 1, bamba la zege 7.5. Kuta za tofali basi ziishie sentimita 79.5 juu ya marumaru itakapokuwa. Kama anayepika ni mfupi, shusha kidogo. Anayekanda unga wa chapati kila asubuhi atafurahi na kipande cha 82.

Pili, nafasi ya vidole vya miguu. Kabati za huku zote zina mwanya chini, na hakuna anayeutambua mpaka aukose. Kabla ya kuta, mwaga kitako cha zege chenye kimo cha sentimita 10, kiishie sentimita 7 ndani ya uso wa milango. Bila mwanya huo mtu anasimama mbali na sinki na kuinama. Kitako chenyewe kikifunikwa marumaru, deki haiufikii mlango.

Tatu, uwazi kati ya kuta. Oveni ya kupachika yenye uso wa sentimita 59.5 inataka shimo la 56 mpaka 57. Jenga uwazi wa 60; plasta ya sentimita 1.5 kila upande itakuachia 57 kamili na uso wa oveni utafunika kingo. Mashine ya kufulia ni tofauti, inaingia nzima, kwa hiyo acha 65 kabla ya plasta. Bamba la juu: nondo za milimita 10 kila sentimita 20 pande zote, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), limwagiliwe maji siku saba. Na sinki linunuliwe kabla ya kumwaga. Tundu lake hufungiwa boksi la mbao ndani ya fomu, zile mbao zinazoshika zege likiwa bichi. Kulikata baadaye kwa grainda ni kukata nondo, na ufa wa kaunta huanzia hapo.

Milango ndiyo sehemu ambayo mtindo unaruhusiwa kusema. Katika yote inayosifiwa huku, ninaoutetea ni wa Shaker: fremu ya vipande vinne na paneli bapa katikati. Ulianzishwa na jumuiya ya kidini ya Marekani iliyochukia mapambo, na umbo lake lina sababu. Mbao halisi hupanuka na kusinyaa kwa unyevu, hivyo paneli huachwa huru ndani ya mfereji wa fremu. Kwa mninga au mkongo, chimba mfereji wa kina cha milimita 10, kata paneli iwe fupi kwa milimita 3 au 4 kwenye upana, na usitie gundi kwenye paneli hata tone. Seremala akiigandisha, msimu wa kiangazi itapasuka katikati, naye atasema mbao ilikuwa mbichi. (Wakati mwingine ni kweli.) Ajabu ni kwamba viwanda vingi vya huku huchonga Shaker kwa MDF, ambayo haihitaji fremu kabisa.

Mingine niipitie haraka. Kabati za kung'aa zisizo na vishikio huonyesha kila kidole chenye mafuta. Rafu wazi ni nzuri kwa anayeishi na madirisha yaliyofungwa. Kwetu vumbi na mvuke wa mafuta hufanya utando juu ya sahani ndani ya wiki. Sinki la kauri la mtindo wa shambani lina zaidi ya kilo 30 likiwa tupu, na sufuria za alumini hulichora mistari ya kijivu. Kaunta ya kwatzi, yaani jiwe la kutengenezwa kiwandani, imeshikwa na resini (gundi ya plastiki), kwa hiyo sufuria lililotoka motoni huiachia doa la njano. Graniti haina ugomvi huo.

Kuhusu vya kutia kwenye kontena, kuna viwili viache hukuhuku. Bomba la sinki lenye kichwa cha kuvuta hutaka presha ya baa 1 hivi. Simtanki lililo mita 3 juu ya bomba linatoa baa 0.3 tu, maana kila mita ni 0.1. Bila pampu litadondosha. Jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, nalo halitambui sufuria ya alumini, achilia mbali karai lenye tako la duara. Hata jiko la gesi la sentimita 60 lina tatizo lake: sufuria la sentimita 40 linafunika mafiga mawili, basi chagua la 75 au 90. Mtungi ukae nje na bomba lipite ukutani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini ya kabati ikingoja cheche.

Bawaba ndizo za kubeba. Zile za kujificha, zenye kikombe cha milimita 35, zinazofunga mlango polepole. Mbili kwa mlango usiozidi sentimita 90, tatu kama mlango ni wa mninga. Tundu la kikombe liwe na kina cha milimita 13 kwenye mbao ya 18. Muulize seremala kama ana keye ya 35, yaani ncha ya kutobolea tundu hilo. Akisema atatumia patasi, tia keye mbili kwenye begi kubwa la anayekwenda, si la mkononi, hazina hata nusu kilo.