Njia zipo, muulizeni mbeba viazi

Alhamisi iliyopita nilialikwa kwenye warsha. Ukumbi wa hoteli, Mbeya mjini, maji ya chupa, kalamu ya bure, saa nne supu na chapati. Mada ilikuwa kuibua njia za utalii wa baiskeli Nyanda za Juu Kusini. Mtoa mada akarusha picha ukutani: Mzungu kavaa helmeti, anateremka ukingoni mwa genge huko Ulaya, nyuma yake theluji. Akatugeukia kwa huzuni na kusema, nami niliandika kwa ile kalamu yao: "Changamoto yetu kubwa ni kwamba njia hatuna."

Njia hatuna. Mbeya hii! Ungefungua pazia la ukumbi ule ungeuona mlima Loleza umesimama pale, na mgongoni mwake mistari ya vijia vya udongo inapanda, inapinda, inapotelea kwenye miti na kuibukia juu zaidi. Ile mistari haikuchorwa na malaika. Kuna mtu anapita pale kila siku na kuni, na mkaa, na mtoto mgongoni. Lakini pazia lilikuwa limefungwa ili picha ya Ulaya ionekane vizuri.

Nilinyoosha mkono. Nikapewa dakika moja, na mtu mwenye hasira akipewa dakika moja hasemi la maana. Kwa hiyo nasemea hapa.

Mimi si bingwa wa baiskeli. Nina ya gia, mtumba, niliyoinunua Mwanjelwa baada ya kuvutana bei siku mbili. Jirani yangu Uyole hajaizoea hadi leo. Kila Jumamosi akiniona naisukuma getini ananiuliza, "Pole baba, gari bado halijatengemaa?" Sina gari, na sijawahi kuwa nalo. Ila kwake yeye, mtu mzima mwenye ajira akipanda baiskeli kwa hiari yake, lazima kuna msiba anauficha. Simlaumu. Baiskeli kwetu ni chombo cha kazi, na hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Mwezi wa sita mwaka jana nilifunga baiskeli juu ya Noah, nikapanda mpaka Matamba ili niteremke nayo barabara ya Hamsini na Saba kurudi Chimala. Wa kwetu mnaijua. Kona hamsini na saba, ukuta upande mmoja na hewa upande wa pili. Juu unaacha viazi, pareto na baridi ya kukata masikio, chini unakuta mpunga wa Usangu na joto la kuvulia koti. Nilidhamiria kuzihesabu kona zote. Hesabu ilinitoroka mapema, kwa sababu kuanzia hapo nilikuwa nahesabu dhambi zangu.

Nilisimama kwenye kona moja, vidole vimekufa ganzi kwa kubana breki, raba zinanuka kama jiko la plastiki. Kijana akanikuta hapo. Alikuwa na Phoenix nyeusi isiyo na gia hata moja, gunia la viazi limelala kwenye keria, na breki ya nyuma ilikuwa kipande cha tairi la gari kilichochongwa kwa kisu. Nyuma kabisa alikuwa amefunga kwa kamba tawi bichi la mti lenye majani yake. Lilikuwa linaburuzika chini na kutimua vumbi, na ndilo lililokuwa likimzuia yeye na gunia lake wasifike Chimala kabla ya wakati.

"Shikamoo mzee. Umeshika breki toka juu?"

"Marahaba. Nimeshika."

Akalamba kidole, akagusa rimu yangu. Ikalia chwii. Akatikisa kichwa, kama fundi anavyotikisa kichwa kabla ya kukutajia bei.

"Shika, achia. Shika, achia. Ukishika moja kwa moja rimu inachemka, tyubu inapasuka. Na ukipasukiwa hapo mbele..." Hakumaliza. Alielekeza tu kidevu upande wa hewa.

Tulikaa robo saa tukisubiri chuma kipoe. Katika robo saa hiyo nilijifunza mengi kuliko siku nzima ya warsha. Kwamba breki hushikwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwamba Fuso lililoshiba mzigo hutanuka kwenye kona za kushoto na dereva hakuoni, kwa hiyo sikiliza honi kwanza, na kama upepo unavuma kutoka bondeni usiiamini hata hiyo honi. Kwamba kuna mahali pana maji ya kunywa yanayotoka jiweni, na mahali kokoto zimelegea kiasi kwamba hata yeye hushuka akatembea. Alijua wapi ukungu hutangulia kushuka. Hiyo mnayoiita tathmini ya njia alikuwa nayo yote kichwani, nzima, imehakikiwa kwa mwili wake mwenyewe, na hakuna aliyemwalika kuja kula chapati.

Haya si mambo mapya kwetu. Kumbukeni kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za kima mwenye haya anayeishi huko juu msituni. Wakamfuatilia, wakamwona, mwaka 2005 dunia ikatangaziwa aina mpya ya kima, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lisilo na kima mwingine, Rungwecebus. Sawa, pongezi, kazi ilikuwa kubwa na bila hiyo huenda tusingemlinda. Ila "mpya" kwa nani? Wanyakyusa walikuwa na jina lake tayari, na ndilo linalotumika mpaka leo. Mtu hampi jina mnyama asiyemjua.

Sasa tunataka kurudia mchezo uleule kwa vijia. Atakuja mtu na kifaa cha kunasia njia, atapita kijiani asubuhi moja, atakipachika jina la kupendeza watalii, na mwenye kijia ataonekana kwenye ripoti sehemu moja tu, chini ya kichwa "ushirikishwaji wa jamii", akiwa amepigwa picha amekaa kwenye benchi. Baada ya miaka miwili kijia kitakuwa na lango, na mwenye gunia la viazi ataambiwa apite kwingine kwa sababu anaharibu mandhari. Mnaniona natia chumvi? Nendeni mkaulize fukwe za Dar ni ngapi ambazo mvuvi bado anapitisha mtumbwi wake bila kuulizwa.

Nisemacho ni rahisi. Kabla ya kuchora mstari wowote kati ya Matamba na Chimala, kati ya Isongole na ziwa Ngozi, au kule Kilolo na Mufindi, mtafuteni anayepita pale na mzigo. Awaongoze. Alipwe kwa siku, posho ileile niliyolipwa mimi kwa kusinzia ukumbini. Na njia ikishachorwa, iandikwe wazi kwamba mwenye mzigo ndiye anayepishwa. Mtalii ana breki za mafuta, atasimama.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vibao vinahitajika. Niliwahi kupotea msitu wa Kawetire, barabara ya Chunya, ukungu umeshuka na miti ya misindano yote inafanana kama wanafunzi wa sare moja. Saa mbili nilizunguka nikirudi kwenye gogo lilelile. Kibao kimoja chenye mshale kingeniokolea heshima yangu.

Na nakubali kwamba si kila kijia kifunguliwe. Kitulo, kwa mfano. Ile Bustani ya Mungu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu mojawapo ni kwamba vikande, yaani mizizi ya okidi, vilikuwa vinachimbwa na kusafirishwa kwa magunia kwenda Zambia kuliwa. Maua yanachanua msimu wa mvua, wakati huohuo udongo ni uji. Gurudumu la baiskeli likipita pale linaacha mfereji, mvua inayofuata inaukuta tayari. Kule baiskeli ibaki barabarani. Ukitaka kuona ua, teremka uende kwa miguu.

Helmeti, vaeni. Bima sijui, waachieni wenye bima.

Nilikuwa nimesema tulisubiri rimu ipoe. Ilipopoa tuliteremka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi la tawi lake na kufuata anaposhika na anapoachia, mpaka chini. Mdogo wangu yule alifika Chimala hana hata jasho. Akauza gunia lake pale stendi, akapandisha Phoenix juu ya gari la kurudi Matamba, kisha akaanza kufungua kamba ya lile tawi. Lilikuwa limebaki kijiti kisicho na jani wala gome. Nilidhani analitupa.

"Mama, breki hii hapa," akamwambia mama lishe, na mama akaipokea bila hata kugeuka, akaivunja mara mbili kwa goti, akaisukuma chini ya sufuria ya wali.