Uingereza yawafuta makamishna wa kuchaguliwa: nani atambana mkuu wa polisi?

Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba cheo cha Kamishna wa Polisi na Uhalifu kitafutwa muhula wa sasa utakapomalizika Mei 2028. Tangu 2012, karibu kila eneo la polisi huko England na Wales limekuwa na mtu mmoja aliyepigiwa kura na wananchi kwa kazi moja tu, nayo ni kuwasimamia polisi kwa niaba yao. Serikali inasema jaribio hilo limeshindwa, na kwamba kulifuta kutaokoa angalau pauni milioni 100 kabla ya uchaguzi mkuu ujao. Nakubaliana nao kwamba mfumo ulikuwa na kasoro kubwa. Nina shaka kama wameigundua kasoro yenyewe.

Kamishna huyu si askari. Havai sare, hamkamati mtu, wala hana ruhusa ya kuelekeza nani achunguzwe na nani aachwe. Hayo ni ya mkuu wa polisi wa eneo peke yake, na sheria ya 2011 iliyoanzisha makamishna ililinda uhuru huo. Kamishna anaandika mpango wa kazi, anapanga bajeti, anaamua ni kiasi gani cha kodi ya halmashauri, ile inayotozwa kila nyumba, kiende kwa polisi, na anagharimia huduma za waathirika wa uhalifu. Juu ya yote hayo, ndiye anayemwajiri mkuu wa polisi na ndiye anayeweza kumwondoa. Mkazi anapofungua bili yake ya kodi mwezi Machi au Aprili anakuta mstari wa peke yake wenye cheo cha kamishna na kiasi anachotozwa kwa ajili ya polisi. Mwenye kutoza ana jina, na jina hilo linapigiwa kura.

Kabla ya hapo kulikuwa na mamlaka za polisi, yaani kamati za watu kama 17 kila moja, madiwani wakichanganyika na wajumbe walioteuliwa. Walifanya kazi yao kimyakimya, na karibu hakuna mwananchi aliyewajua. Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijenga hoja kwamba aliyevunjiwa nyumba akaona polisi hawaji anastahili kumjua mtu wa kumlaumu na kuwa na kura ya kumwondolea. Hoja hiyo ilikuwa nzuri wakati ule na bado ni nzuri.

Tatizo lilianza siku ya kwanza. Uchaguzi ulifanyika tarehe 15 Novemba 2012, majira ambayo huko giza linaingia saa kumi jioni, na serikali ilikataa kugharimia vipeperushi vya wagombea kupelekwa majumbani. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 15 ya waliojiandikisha. Katika kituo kimoja cha Bettws, mjini Newport huko Wales, wasimamizi walikaa na sanduku lao tangu saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na hakuingia mpiga kura hata mmoja. Miaka miwili baadaye kamishna wa West Midlands alifariki dunia ukaitishwa uchaguzi mdogo, na katika eneo hilo lenye Birmingham ndani yake ni mtu mmoja tu katika kila kumi aliyekwenda kupiga kura. Hali iliboreka makamishna walipowekwa siku moja na chaguzi nyingine za mitaa, lakini hata 2024 waliojitokeza walikuwa kama robo tu. Kwa maelezo ya serikali yenyewe, ni chini ya mpiga kura mmoja kati ya watano anayeweza kumtaja kamishna wake.

Wanaotaka cheo kife wanaishia hapo, na mimi naona wanaishia mapema mno. Uchache wa kura hauharamishi cheo. Madiwani wengi wa Uingereza nao wanachaguliwa na theluthi ya watu na hakuna anayesema halmashauri zivunjwe. Kinachonisumbua zaidi ni kura zenyewe zilivyobadilika. Mwaka 2012 makamishna 12 kati ya 41 hawakuwa na chama, na miongoni mwao walikuwamo watu walioijua kazi ya polisi kwa undani. Mwaka 2024, kati ya 37 waliochaguliwa, hakuna hata mmoja asiye na chama. Sheria ya 2022 ilizidisha hali hiyo kwa kuondoa kura ya chaguo la pili, ambayo ilimpa mgombea binafsi nafasi ya kuokota kura za wale ambao chaguo lao la kwanza limeanguka. Kwa hiyo wapiga kura wachache waliokuja walikuwa wakihukumu chama tawala, wala si mwenendo wa polisi wa eneo lao. Katika hili wakosoaji wana haki kabisa.

Lakini kisa kilichoonyesha udhaifu wa mfumo kuliko vyote ni cha Rotherham. Agosti 2014 ripoti ya Profesa Alexis Jay ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono katika mji huo kati ya 1997 na 2013, huku halmashauri na polisi wakishindwa kuwalinda. Kamishna wa South Yorkshire wakati huo, Shaun Wright, alikuwa diwani mwenye dhamana ya huduma za watoto Rotherham kati ya 2005 na 2010. Waziri wa Mambo ya Ndani alimtaka ajiuzulu. Chama chake cha Labour kilimtaka hivyohivyo. Akajitoa chamani na kuendelea kukalia kiti kama mtu binafsi. Familia za waathirika zilifika kwenye kikao cha jopo linalomhoji kamishna na kumwambia ana kwa ana aondoke. Alikaa kwa wiki tatu hivi kabla ya kuachia ngazi.

Katika wiki hizo hakuna mtu nchini aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kumwondoa. Waziri hakuwa nao, bunge halikuwa nao, wapiga kura walipaswa kungoja uchaguzi ujao. Jopo la madiwani linaweza kumsimamisha kamishna pale tu anaposhtakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake kinaweza kuzidi miaka miwili. Mwaka 2021 hali ilijirudia North Yorkshire. Baada ya mauaji ya Sarah Everard, aliyeuawa na askari wa London aliyejifanya anamkamata, kamishna Philip Allott alisema redioni kwamba wanawake wanapaswa kujua ni wakati gani wanaweza kukamatwa na wakati gani hawawezi. Jopo lilipiga kura ya kutokuwa na imani naye kwa kauli moja, kura ambayo kisheria haikuwa na meno. Aliondoka kwa sababu aibu ilimlemea. Sheria iliyompa mtu mmoja mamlaka ya kumfukuza mkuu wa polisi ilisahau kuweka njia ya kumfukuza yeye, na bunge lilikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kulirekebisha hilo. Lingeweza kuwaruhusu wapiga kura kumrudisha kamishna nyumbani kwa sahihi zao, kama walivyoruhusiwa kwa wabunge mwaka 2015. Halikufanya hivyo.

Upande wa pili wa shilingi ni mkuu wa polisi mwenyewe. Mwaka 2013 kamishna wa Gwent, Ian Johnston, alimpa Carmel Napier chaguo la kustaafu au kuondolewa, naye akastaafu. Wabunge walilalamika kwamba kumwondoa mkuu wa polisi kumekuwa rahisi mno. Huko South Yorkshire, baada ya uchunguzi wa vifo vya mashabiki wa soka waliokanyagana katika uwanja wa Hillsborough mwaka 1989 kumalizika Aprili 2016, kamishna Alan Billings alimsimamisha David Crompton na kumtaka ajiuzulu, ingawa mkaguzi mkuu wa polisi alimshauri vinginevyo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliamua kwamba uamuzi huo ulikuwa kinyume cha sheria. Wengine wanausoma uamuzi huo kama ushahidi kwamba wanasiasa hawafai kukaribia polisi. Mimi nauona kama ushahidi kwamba mahakama zipo na zinafanya kazi. Jeshi la polisi lililotumia miaka 27 kukwepa ukweli kuhusu Hillsborough halikuwa na upungufu wa uhuru. Lilikuwa na upungufu wa watu wa kulibana.

Sasa kazi hiyo itahamia kwa mameya pale walipo, na kwingineko kwa bodi za viongozi wa halmashauri. Kwa mameya tayari kuna mfano wa kupima. Andy Burnham alichukua madaraka hayo Greater Manchester mwaka 2017. Desemba 2020 wakaguzi waligundua kwamba katika mwaka mmoja polisi wa eneo lake walishindwa kuandikisha makosa takriban 80,000 yaliyoripotiwa. Mtu anapiga simu kwamba amepigwa na mumewe, na kwenye kumbukumbu za polisi kosa hilo halipo. Mkuu wa polisi, Ian Hopkins, aliondoka, akaja Stephen Watson, na kufikia mwishoni mwa 2022 jeshi hilo lilikuwa limetolewa kwenye uangalizi maalumu. Meya mwenye jina na nguvu aliweza kuchukua hatua haraka, na hilo ni la kumsifu.

Ila uozo huo ulitokea yeye akiwa msimamizi kwa zaidi ya miaka mitatu. Mei 2021, miezi mitano baada ya ripoti, alichaguliwa tena kwa theluthi mbili ya kura. Watu walikuwa wakimpima kwa mabasi, kwa nyumba, kwa jinsi alivyobishana na London wakati wa korona. Mwathirika ambaye kosa lake halikuandikishwa hakuwa na kura ya kulizungumzia hilo peke yake. Kwa meya, polisi ni mzigo mmoja kati ya mingi kwenye toroli lake, na mpiga kura hawezi kuushusha huo tu.

Bodi za madiwani zinanitia hofu zaidi, kwa sababu zinafanana mno na zile kamati za kabla ya 2012. Msomaji wa Kenya atalitambua jambo hili. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011 iliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti chini ya gavana au mtu aliyemteua, lakini amri na bajeti zikabaki Nairobi kwa Inspekta Jenerali, na gavana anapoulizwa kuhusu usalama ana haki ya kujibu kwamba kamanda hawajibiki kwake. England haitafika huko, kwani bodi zitakuwa na bajeti. Hatari yake ni kwamba lawama itagawanywa kwa watu wengi mpaka isimfikie yeyote.

Sheria ya kuwafuta makamishna itakapojadiliwa, mambo mawili yangetosha kunituliza. La kwanza, kila bodi iwe na diwani mmoja mwenye dhamana ya polisi, anayehojiwa hadharani na kuondolewa na wenzake kwa kura. La pili, mstari ule kwenye bili ya kodi ubaki, na jina la diwani huyo liandikwe hapo. Wales itakuwa mtihani mgumu zaidi: ina majeshi manne ya polisi, haina mameya wa mikoa wa kukabidhiwa kazi hiyo, na bunge la Cardiff halina mamlaka juu ya polisi, kwani mamlaka hayo yamebaki London. Tangazo la Novemba 2025 halikumwambia mkazi wa Newport ni nani hasa atamwandikia barua polisi wasipokuja.