Usitie saini usichokisoma

Kila anayeingia kwenye sarafu za kidijitali huambiwa jambo lile lile: andika maneno yako 12 au 24 ya siri, yaani ufunguo wa mali yako, kwenye karatasi, uifiche, usimwonyeshe mtu. Ushauri ni mzuri. Maneno hayo hutoka katika orodha ya maneno 2048, na hata yakiwa 12 tu hakuna kompyuta ya leo inayoweza kuyakisia. Lakini karatasi huungua, hulowa, huokotwa. Na aliyeificha akifa bila kumwambia mtu, mali inabaki pale pale kwenye daftari la wazi la mtandaoni, kila mtu anaiona na hakuna wa kuigusa.

Ndiyo maana siamini tena ufunguo mmoja. Pochi ya kidijitali ya saini nyingi, kwa mfano, huwa na funguo tatu zilizowekwa mahali patatu, na muamala hautoki mpaka mbili zikubaliane, yaani ziutie saini ya kidijitali. Ukipoteza moja, mali bado ni yako. Siku hizi ipo pia hesabu inayowezesha vifaa kadhaa kutia saini kwa pamoja bila ufunguo mzima kukusanyika popote.

Hata hivyo, kilichotokea Februari 2025 kinanikosesha amani hadi leo. Bybit, soko la kununua na kuuza sarafu hizi, lilikuwa na pochi baridi, yaani ambayo funguo zake hukaa nje ya intaneti, lilikuwa na saini nyingi, lilikuwa na watu kadhaa wa kuidhinisha. Likapoteza mali ya takriban dola bilioni 1.5. Wavamizi hawakuhitaji kuiba funguo. Walichezea ukurasa ambao waidhinishaji waliutazama: wao waliona uhamisho wa kawaida, kumbe saini zao zilikuwa zinakabidhi udhibiti wa pochi nzima.

Hapo lawama yangu naielekeza kwa watengenezaji. Vifaa vingi vya kutia saini, yaani vile vidogo vinavyohifadhi funguo, bado humwonyesha mtu msururu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, kisha humwomba abonyeze kukubali. Huko si kuidhinisha, ni kubahatisha. Kifaa kiseme kwa lugha ya kawaida: unatuma kiasi hiki, kwa anwani hii, na unatoa ruhusa hii. Kikishindwa kusema, kikatae.

Kwa sasa, kabla ya kutuma kiasi kikubwa, mimi hulinganisha anwani ya mpokeaji kwenye kioo cha kifaa chenyewe, si cha kompyuta. Na huisoma yote, herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hutengeneza anwani zinazofanana na ya kweli mwanzoni na mwishoni, pale pale ambapo wengi wetu huishia kutazama.