Mtu mmoja na mapipa 20 ya mchele

Katika daftari la Eliza Lucas, msimamizi wa mashamba ya baba yake huko South Carolina, koloni la Waingereza Amerika, alimonakili barua zake kati ya 1739 na 1762, kuna mahali anaandika kwamba amempasha baba yake habari mbili: wamepotelewa na mtumwa mmoja mwanamume, na mashua imepinduka, mapipa 20 ya mchele yamepotea. Sentensi moja tu. Wanaosema barua za wenye mashamba ya watumwa zimesifiwa kupita kiasi hawahitaji ushahidi mwingine, na hapo sina la kuwabishia.

Wanachokipinga ni hadithi tamu. Msichana wa miaka 16 au 17 anaachiwa mashamba matatu baba anaporudi Antigua, kisiwa cha Karibi. Anajaribu tangawizi, pamba, mhogo (naam, mhogo huu huu) na nili, mmea unaotoa rangi ya buluu. Nili inakubali, koloni inatajirika. Lakini nili hukatwa, hulowekwa hadi ivunde, maji yake hupigwapigwa na kutiwa chokaa, kisha tope linalotuama hukaushwa. Mauzo ya koloni yalipopanda kutoka ratili kama 5,000 mwaka 1745 hadi zaidi ya 100,000 miaka michache baadaye, mikono iliyopiga maji hayo haikuwa ya Eliza. Walikuwamo watu wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi walioijua nili kabla yake.

Yote kweli. Tunapoachana ni pale wanapomdhania kila anayezifungua barua hizi kuwa ni mpambe wa Eliza. Wapambe hawasomi daftari, wanadonoa. Wanapenda ile barua anayomkataa mchumba aliyependekezwa na baba, akisema hata utajiri wa Peru na Chile ukijumlishwa hauwezi kumnunulia mtu huyo nafasi ya kuwa mumewe. Msichana asiyenunulika, mwenye watu walionunuliwa! Wanapenda pia ile ya kuwafundisha kusoma wasichana wawili weusi.

Mimi natetea barua za biashara, zile zinazochosha. Barua ya kifamilia hujipamba, kwa kuwa mwandishi anataka apendeze. Baba yake Eliza, George Lucas, alikuwa na madeni, na shamba la Wappoo lilikuwa rehani. Alichotaka kwa binti yake ni kujua kilichopotea na kilichobaki. Binti akamwandikia bila haya, na ukosefu huo wa haya ndio unaotufaa. Ile sentensi ya mtu na mchele isingeandikwa na mtu anayejua kwamba sisi tutaisoma.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa mtumwa aitwaye Quash. Miaka michache tu baada ya maasi ya watumwa ya Stono, South Carolina, ya Septemba 1739, Eliza anaandika kwamba kuna watumwa waliopanga kutorokea St. Augustine, Florida, kwa Wahispania walioahidi uhuru. Quash naye katajwa kuwa mmoja wao. Eliza alikuwapo kesini, na anasema Quash alithibitisha kabisa kwamba hana hatia. Quash huyo alikuwa fundi seremala. Baadaye alibatizwa kwa jina la John Williams, akaachwa huru mwaka 1750. Hati ya kumwacha huru ingetuonyesha fundi aliyepewa uhuru na bwana wake, basi. Ni barua ya shamba inayotueleza kwamba miaka kadhaa kabla yake alisimama kizimbani, na kwamba lililobishaniwa pale lilikuwa kama alitaka kujichukulia uhuru huo mwenyewe. Kuhusu hatia, tuna neno la Eliza tu; sishangai kama Quash alijua kujitetea kuliko Eliza alivyodhani.

Daftari ni la upande mmoja, hilo halina dawa: barua zilizotoka zimo, sauti ya Quash haimo. Katika habari hiyohiyo Eliza anaongeza kwamba mmoja atachapwa viboko na kiongozi wao atanyongwa. Huyo wa kunyongwa hakumwandika jina.