Tope la Mwache halianzii Mwache

Mvua za mwaka zikishika, maji ya hori la Mwache, karibu na mji wa Mombasa, huwa rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja mvuvi wa huko, namwita baba ingawa hatuna udugu, alichomeka kasia lake hapo ukingoni likazama topeni hadi karibu na kiganja. "Hapa dau lilipita hata maji yakipwa, mwanangu. Sasa twangoja yajae."

Sisi wa mjini dawa yetu ni moja: kupanda mikoko. Jumamosi, fulana mpya, picha, kisha biriani. Sipingi mikoko, na biriani ndiyo kabisa. Lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi hata mikoko mikubwa ya Mwache ikafa imesimama. Miti hii hupumulia mizizi iliyo juu ya tope. Ile ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza kama penseli. Ukiifukia, umeuziba mti pua. Ikiwa miti mizima ilishindwa, mche wa shubiri moja utaweza nini? Ni kufua maji ya dau usilolipiga kalafati.

Tope latoka juu ya mto umwagao maji horini, huko Kinango katika Kwale na kwengineko. Ng'ombe hushukia mtoni njia ile ile mpaka nyasi zikaisha. Mahindi yamelimwa hadi ukingoni mwa mto. Mchanga wa chini unachotwa kwa malori. Basi mafuriko yakishapungua, ukingo umelowa, mzito, na miguuni umeshaliwa. Humeguka bonge zima.

Kanuni za maji za Kenya tangu 2007 zataka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe kila upande. Kuandika ni rahisi. Kwa mwenye ekari moja, mita 6 ni madebe ya mahindi ya watoto wake, nami simlaumu akilima. Pesa za miche ziende kwake: alipwe kwa ukanda alioacha, apande nyasi za mabingobingo, mizizi ishike udongo naye akatie mifugo. Ng'ombe wajengewe birika mbali na ukingo. Na mashambani ichimbwe mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta, kama ya Ukambani, maji yapungue kasi kabla hayajafika mtoni.

Asiyelijali dau la baba yule na akumbuke bwawa linalojengwa kwenye mto huohuo, lituletee maji Mombasa. Udongo utaanza kutua humo.