Mnaosema kapoeira ni ngoma, ingieni basi kwenye duara

Juzi kijana mmoja wa pale ninapofanyia mazoezi ya ngumi alinirushia klipu. Jamaa wa kapoeira kavaa suruali nyeupe, anayumbayumba, anapiga sarakasi mbele ya mtu wa ndondi aliyesimama kimya akimtazama. Ngumi moja ya kulia, suruali nyeupe iko chini. Kijana akaandika: "Kaka, huyu ndiye mpiganaji wako? Si angeenda harusini tu!"

Klipu hiyo na ndugu zake zimenifuata miaka. Kila mtu akishajua kurusha jebu hujiona jaji wa mapigano ya dunia nzima, na hukumu ya kwanza anayoitoa ni kwamba kapoeira, mchezo wa mapigano wa Brazil unaochezwa kwa muziki ndani ya duara la watu, ni ngoma ya Wabrazili, basi. Leo najibu, na adabu nimeiacha nyumbani.

Tangu lini muziki ukafuta mapigano? Mabondia wa Thailand hupigana ngoma na zumari zikilia raundi nzima, na kabla ya kugusana huzunguka ulingo wakicheza kuwaheshimu walimu wao. Nenda kawaambie wanacheza ngoma, upokee kiwiko. Mandonga, bondia wa Tanzania, alipokuja Nairobi na mbwembwe zake na ngumi yenye jina, Sugunyo, kuna aliyesema ndondi ni taarabu? Na Lamu je? Wanaume wanaingia katikati na bakora kwenye kirumbizi, ngoma inapigwa, na ukizubaa fimbo haikuulizi wewe ni mwana wa nani. Sisi watu wa pwani tungekuwa wa mwisho kushangaa wanaume wakikabiliana kwa mdundo.

Lakini muziki ni jambo dogo. Mimi nataka turudi Rio de Janeiro ya karne ya 19, maana anayesema kapoeira haijawahi kumtisha mtu hajui ilikotoka. Pale Rio watumwa, watu huru, wapagazi wa bandarini, hata baadhi ya askari, walikuwa na magenge ya kapoeira. Makubwa mawili yaliitwa Nagoas na Guaiamuns, yamegawana mitaa, na wanasiasa waliyatumia kutisha wapinzani wakati wa uchaguzi. Walipigana kwa kichwa, kwa miguu, na kwa wembe. Utumwa ulifutwa 1888. Jamhuri ikaingia Novemba 1889, na mkuu mpya wa polisi wa Rio, Sampaio Ferraz, hakukawia: aliwakamata watu wa kapoeira akawapakia melini kwenda kisiwa cha Fernando de Noronha, mbali kabisa baharini. Oktoba 1890 sheria ya adhabu ikaitaja kapoeira kwa jina, kifungu cha 402. Ukionekana barabarani ukifanya mazoezi hayo ya wepesi na ustadi wa mwili, jela miezi 2 hadi 6. Kuwa mwanachama wa genge kunazidisha kosa. Kiongozi wa genge, adhabu mara mbili.

Najua kuna mjuaji atakayesema samba nayo ilisumbuliwa na polisi, na nyumba za candomblé, dini ya Wabrazili wenye asili ya Afrika, zikavamiwa. Haya, ni kweli, nakubali shingo upande. Wakubwa wa Brazil waliogopa karibu kila kilichotoka kwa Mwafrika. Ila hakuna mwanasiasa aliyetafuta wacheza samba wamlindie sanduku la kura.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wa ndondi huniudhi zaidi. Wanaona kuyumba, wanadhani ni madoido. Mtu anayeyumba mbele yako hakupi mahali pa kupima. Mguu umeenda nyuma, umerudi, mkono umepita usoni, mara anatabasamu, mara anaonekana kachoka, mara anakupa mgongo. Wewe umefundishwa kwamba adui akikupa mgongo ni wako, kwa hiyo unaingia. Hapo kiganja chake kinagusa chini, kichwa ulichokipigia hesabu hakipo tena, na kisigino kinakuja kutoka upande usioutazama kikiwa kimebeba uzito wa mwili mzima unaozunguka. Teke hilo ni meia-lua de compasso. Mwaka 2009 Marcus Aurélio, mtu wa kapoeira, alimlaza mpinzani kwa teke hilohilo kwenye pambano lenye refa na glovu. Klipu hiyo, ajabu, kijana wangu hajawahi kunitumia.

Na teke hilo si ndilo baya. Baya ni rasteira. Haina urembo wowote: unarusha teke, umebaki na mguu mmoja, mwenzako kainama chini yake anaufagia ule uliobaki. Kwenye mkeka utacheka. Kwenye lami, au juu ya mawe ya mitaa ya Salvador, mji wa Brazil, kinachogonga ni kisogo. Mchezo mzima umejengwa juu ya hila hiyo, kukufanya uamini kitu kisha kukuadhibu kwa kukiamini, na ndiyo maana kuupima kwa watu wawili waliopimwa uzito asubuhi, wakatambulishwa kwa kipaza sauti na kuambiwa "pigana" ni kuupima mahali ambapo nusu ya silaha zake zimeshanyang'anywa mlangoni.

Hata hivyo, mnataka ulingo? Rio, 1909, Ciríaco, mtu wa kapoeira, alimwangusha kwa teke Mjapani Sada Miyako wa jujutsu, mieleka ya Kijapani. Mwaka 1995 Mestre Hulk (mestre ni mwalimu wa kapoeira) alimwangusha Amaury Bitetti, bingwa wa jiu-jitsu ya Kibrazili. Na ndiyo, 1953 Artur Emídio, mtu wa kapoeira, alipigwa na Rudolf Hermanny, na ndiyo, mtu wa kapoeira akishikwa na kulazwa chini mara nyingi habari yake imekwisha. Nimesema. Tuendelee.

Aliyelalamika kwamba kapoeira inageuka maonyesho hakuwa mtu wa ndondi. Alikuwa Mestre Bimba wa Salvador, mtu wa kapoeira mwenyewe, miaka ya 1930. Aliona wenzake wanawachezea watalii, akakasirika, akachukua mapigo ya batuque, mieleka ya mateke ambayo baba yake alisifika nayo, akaichanganya na kapoeira, akafungua chuo 1932. Wanafunzi wake waliofika mbali walipelekwa porini na kuviziwa na wenzao, wajitoe wanavyojua. Porini, jamani. Kuviziwa. Hakuna aliyewapigia makofi.

Upande wa pili alikuwepo Mestre Pastinha, mzee wa mtindo uitwao kapoeira ya Angola, taratibu, chini chini, hatari ya kimyakimya. Mwaka 1966 Brazil ilimpeleka Dakar kwenye tamasha la sanaa za watu weusi, aonyeshe Uafrika wa Brazil. Kisha jengo alilofundishia pale Pelourinho, mtaa wa kale wa Salvador, likachukuliwa eti linakarabatiwa, hakurudishiwa, akafa 1981 kipofu na maskini. Mwaka 2014 UNESCO ikaliweka duara la kapoeira kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sherehe nzuri sana. Mzee hakuwepo kuila.

Kwa hiyo kijana wangu simlaumu sana. Anachokiona ndicho anachoonyeshwa. Ninaowalaumu ni walimu. Nimeingia madarasa, hapa kwetu na kwingineko, ambako mateke yote yanapita hewani nusu mita juu ya vichwa, mtu anapandishwa cheo na kufungwa kamba mpya kiunoni bila kuwahi kuanguka kwa mguu wa mwenzake, na bado bango la mlangoni linasema "jifunze kujilinda". Kina dada wanalipa ada ya mwezi kwa ahadi hiyo. Huo ni utapeli, na suruali nyeupe haiufichi. Ukitaka kufundisha sarakasi na nyimbo, fundisha, ni raha, miili itanyooka, nitakuja na wanangu. Andika tu "sarakasi na nyimbo" kwenye bango. Lakini ukiandika kujilinda, mfundishe mwanafunzi rasteira mpaka aisikie kwenye makalio, mrushie ngumi ya kweli aone inavyokuja, mwite mtu wa mieleka amshike kiuno ajue kitu gani hakijui. Anayeshindwa kufanya hivyo awarudishie watu hela zao.